Mpelelezi Pikachu Aingia Mugumu

Pikachu ninayemzungumzia hapa hana shoti. Wenzake wote, tangu Pokémon ianze huko Japani mwaka 1996, kazi yao ni kumrushia adui umeme mpaka atoe moshi. Huyu amesahau jinsi ya kufanya hivyo. Amevaa kofia ya kipelelezi, ana sauti nzito ya mtu aliyekwishalipa ada za watoto wengi, na anakunywa kahawa kutwa nzima. Mchezo wake unaitwa Detective Pikachu. Sehemu ya mwanzo ilitoka Japani mwaka 2016, kisha mchezo kamili ukasambaa duniani Machi 2018, ukichezwa kwenye kile kidude cha Nintendo 3DS chenye vioo viwili na kinachokunjwa katikati.

Hapo kwenye kahawa ndipo mama yangu alipoanza kumheshimu. Sisi wa milima ya Tarime tunalima kahawa ya arabika, tena nzuri, lakini nyumbani kwetu sijapata kuona mtu akiinywa. Inachumwa, inaanikwa, inapimwa, inaondoka. Sisi tunarudi kwenye chai ya maziwa. Mama alipoonyeshwa yule panya wa manjano akivuta kikombe, alimtazama kwa muda mrefu, akasema, “Kumbe ndiye anayeimaliza.”

Kidude chenyewe ni cha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Mugumu, wilayani Serengeti. Kililetwa na ndugu anayeishi Uingereza. Kadi ya mchezo ikaja baadaye kwa mkono wa ndugu mwingine, aliyeko Marekani, nacho kidude kikaikataa katakata. Ilibidi tuelezwe kwamba 3DS iliyouzwa Ulaya haipokei kadi iliyouzwa Marekani, hata kama mchezo ni ule ule na pesa imelipwa. Shemeji yangu hajaelewa mpaka leo. Amekulia karibu na Sirari, ameona ng'ombe wakivuka kwenda Kenya na kurudi bila kuulizwa jina, sasa anaambiwa kuna kipande kidogo cha plastiki kinachodai pasipoti.

Kadi ya pili ilikubali. Nami nilikuwa nimetoka Tarime kumpeleka mama kwa binti yake, njia ya Nyamwaga na Nyamongo, tukavuka daraja la mto Mara, vumbi limetuingia mpaka kwenye majina. Jioni hiyo tukakuta nyumba nzima imeinamia kioo.

Hadithi ni ya kijana aitwaye Tim Goodman, aliyekwenda mji wa Ryme City kumtafuta baba yake, Harry, mpelelezi aliyetoweka baada ya ajali ya gari. Watu na wanyama wa Pokémon wanaishi pamoja humo, na Tim ndiye binadamu pekee anayeelewa anachosema huyu Pikachu. Pikachu naye anaelewana na wanyama wenzake. Ukitokea wizi, basi, Tim anawahoji watu, Pikachu anawahoji wanyama, ushahidi unaandikwa kwenye daftari la kesi, halafu mhusika anabanwa mbele ya kila mtu.

Kwa kuwa mazungumzo yote ni ya Kiingereza, mpwa wangu akawa Lufufu wetu. Wanaokumbuka kanda za video alizozitafsiri Lufufu wanajua kwamba mfasiri wa kweli hafungwi na kilichosemwa. Katika tafsiri ya mpwa wangu Ryme City ilikuwa na stendi ya mabasi. Mama mmoja alipoporwa mkufu na Aipom, ambaye ni nyani mwenye kiganja kwenye ncha ya mkia, tuliambiwa kuwa ni mke wa diwani na kwamba mkufu ulikuwa wa dhahabu ya Nyamongo. Mama yangu alisikiliza yote, akauliza swali moja la maana: huyo baba aliyepotea, alipatikana?

Hapo mpwa wangu alipata taabu. Ukweli ni kwamba mchezo wa 2018 unaisha Harry hajaonekana. Watu walisubiri mpaka Oktoba 2023, ulipotoka mwendelezo wake uitwao Detective Pikachu Returns, tena kwenye kidude kingine kabisa cha kununua upya.

“Miaka mitano!” alisema mzee jirani, ambaye huja kuangalia taarifa ya habari na kukaa mpaka chakula. “Mura, ng'ombe akikupotea miaka mitano humtafuti yeye tena. Unatafuta wajukuu zake.”

Mzee huyo aliwahi kuwa kamanda wa sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, likafika kwetu likakuta kazi inalisubiri. Mkoa wetu wa Mara una makamanda wawili wa polisi, mmoja akikaa Musoma na mwingine akiwa wa Tarime na Rorya peke yake. Hatujivunii jambo hilo, lakini hatushangai pia. Na muda mrefu kabla ya polisi, wafugaji wa huku walikuwa na upelelezi wao: unyayo. Ng'ombe wakiibwa usiku, yowe linapigwa, vijana wanafuata nyayo kijiji hadi kijiji. Kijiji ambacho nyayo zimeingia na hazikutoka, hicho ndicho chenye maelezo ya kutoa, na kwa kawaida maelezo hayo huwa na miguu minne.

Sasa tuje kwenye kesi yetu wenyewe, ya kiatu.

Shemeji alikuwa na safari ya kwenda kuzungumza mahari kwa niaba ya mtoto wa kaka yake. Kwa hilo alinunua viatu vyeusi vya ngozi, akavipaka dawa usiku, akaviweka barazani vipoe harufu. Asubuhi kulikuwa na kiatu kimoja, cha kulia. Cha kushoto hakikuwepo.

Mpwa wangu hakuweza kuficha furaha yake. Alichukua kaunta buku, akaandika juu “KESI NA. 1”, akatangaza kwamba hakuna mtu kutoka nje ya ua. Akaanza mahojiano kama alivyofundishwa. Alimwendea bibi yake.

“Bibi, usiku wa saa tano ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nimelala. Na wewe ulikuwa unakoroma ubavuni kwangu, umenivuta blanketi lote. Andika na hilo.”

Akaliandika. Mtoto wa jirani alihojiwa akalia. Mbuzi waliangaliwa meno. Upande wa mashahidi wanyama kesi ilikwama, maana tulikuwa na kuku, mbuzi, mbwa na paka walioona kila kitu, na hatukuwa na mkalimani. Ikabaki nadharia. Fisi alitajwa, maana Mugumu iko jirani na hifadhi, na fisi akikuta ngozi nje usiku haulizi imeshonwa nini. Lakini mpwa wangu alimwachia fisi huru kwa kukosa ushahidi, akaelekeza kidole kwa ngedere wanaokuja kuiba ndizi nyuma ya nyumba. Sababu yake ilikuwa moja tu: kesi ya kwanza ya Pikachu, mwizi alikuwa nyani.

Akatukusanya sebuleni amtaje mhalifu. Katika mchezo hapo kila mtu hunyamaza na muziki hubadilika. Kwetu hakunyamaza mtu. Ukitukusanya sisi Wakurya na kutuambia kuna kesi, umefungua iritongo, baraza letu la jadi, na katika iritongo kila mwenye mdomo ana haki. Dada alileta suala la sufuria lililoazimwa na halikurudi. Mama akauliza ni nani aliyeamua viatu vilale barazani, swali lililomfanya shemeji akohoe. Jirani mmoja aliyepita tu kuomba chumvi aliketi, akatoa historia ya mpaka wa shamba lake tangu enzi za baba yake. Tim Goodman hakuwahi kukatizwa namna ile. Kijana alisimama na daftari lake mkononi akijaribu kusema “ngedere”, sauti haipiti.

Mzee wa sungusungu alikuwa ametoka nje kitambo.

Nilimfuata, na hilo ndilo jambo nililofaidi siku ile. Jua lilikuwa bado chini. Mzee alisimama upande ambao mwanga ulimjia usoni, akachuchumaa, akatazama udongo kwa pembeni, si kwa juu, ili kila kishimo kitoe kivuli chake. Hakukanyaga mahali alipotazama. Kando ya baraza palikuwa na nyayo za mbwa, nyingi, za jana na juzi, lakini katikati ya zile mpya kulikuwa na mstari mwembamba unaojikunja kushoto na kulia. Aliugusa kwa kijiti.

“Kamba ya kiatu,” alisema. “Anakiburuta. Na mguu wa nyuma wa kulia anauonea huruma, ona hapa haukanyagi sawa.”

Tulikuwa na mbwa mmoja tu anayechechemea. Mstari ulipita nyuma ya jiko, ukazunguka kizimba cha kuku, ukaingia chini ya ghala la mahindi. Mbwa alikuwepo, na kiatu kilikuwepo, ila kisigino na ulimi vilishakuwa ndani ya mbwa. Kuanzia barazani hadi ghalani haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Tuliporudi sebuleni walikuwa bado kwenye mpaka wa shamba.

Shemeji alitazama saa. Wakwe walikuwa wanasubiri. Duka la viatu la karibu lilikuwa na vya mwanafunzi na vya mama wa kanisani. Basi akavaa suti yake ya rangi ya majivu, tai, na chini akatia makatambuga ya mzee jirani, ya tairi, yaliyomzidi kidogo. Mimi niliandamana naye kama shahidi, na naweza kuthibitisha kwamba makatambuga kwenye sakafu ya saruji hutangaza kila hatua.

Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi aliyatazama yale makatambuga, akaitazama suti, akatabasamu kama mtu aliyeona karata ya mwenzake. “Tata,” alimwambia shemeji kwa upole, “hata sisi baba zetu walitufundisha kuvaa umaskini siku ya mahari.” Hakupunguza ng'ombe hata mmoja. Tulikula nyama na kichuri, tulicheka sana, tukaongezewa mbuzi juu. Shemeji alijaribu kueleza habari za mbwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kupigana mabega.

Mpwa wangu aliifunga kesi kwa kuandika: “Mwizi ni mbwa. Ngedere anaendelea kuchunguzwa.”

Mchezo nausifu. Ukikosea jibu hupigwi wala hurudishwi mwanzo, unajaribu tena. Mtu mzima atauona mwepesi, lakini mtoto wa miaka kumi atajifunza kuuliza kabla ya kulaumu, hata kama wa kwetu hajafika hapo. Anayeutaka ajue kwamba duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 2023, kwa hiyo atafute kadi iliyotumika, tena ahakikishe imetoka kanda moja ya mauzo na kidude chake. Na kama kuna msomaji ambaye mbwa wake alikula cha kulia akabakisha cha kushoto, cheusi, cha kamba, namba 42, sisi tunacho cha kulia hapa Mugumu, hakijavaliwa hata mara moja. Bei tutazungumza.