Ng'ombe wa Juma Ana Rangi Gani?

Mwezi wa tisa ukiingia, mwalimu wa Kiswahili wa darasa la nne huanza kuota maswali ya ufahamu. Upimaji wa Kitaifa uko mlangoni, na kila jioni baada ya vipindi tunabaki na watoto kwa marudio: imla, umoja na wingi, nyakati, kinyume, ufahamu. Simiyu ilijipatia jina kwa kambi za kitaaluma enzi za Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, na tangu hapo mwalimu anayebeba mkoba wake saa nane mchana hutazamwa kama aliyeondoka msibani kabla ya kuzika. Kwa hiyo hapa Ngulyati tunabaki.

Chaki si tatizo. Wilayani Maswa, hapo jirani, vijana walianzisha kiwanda cha chaki, nasi twajivunia, maana ni bidhaa iliyotoka nyumbani ikaishia nyumbani. Pamba yetu haina bahati hiyo. Huondoka hapa kwa kilo na kurudi ikiwa sare ya shule inayomfanya mzazi akune kichwa. Tatizo letu si vifaa. Tatizo ni kwamba watoto wa Ngulyati wanaelewa mno.

Chukua imla. Mwalimu anasoma sentensi, mtoto anaandika anachosikia. Nilianza vizuri tu: "Mama anapika wali kwa ajili ya wageni." Bahati mbaya ilikuwa siku ya gulio, na gari la matangazo likaja kupumzika nyuma ya darasa letu, spika mbili juu ya paa, likiuza dawa ya wadudu. Nilirudia sentensi kwa sauti ya juu. Gari nalo likarudia yake. Niliposahihisha madaftari nikakuta: "Mama anapika wali kwa ajili ya panya kunguni mende na viroboto wote chali." Tahajia haikuwa na kosa hata moja. Wa dawati la pili alikuwa mfupi zaidi: "Mama anapika wageni kwa buku tu."

Siku isiyo na gulio tunabaki na ugomvi wa l na r. Kisukuma cha nyumbani hakina haja ya r, kwa hiyo nilipotaja kwamba baba aliandaa karamu kubwa, nusu ya darasa wakampa kalamu kubwa. Mmoja, ili kuondoa shaka, alimchora baba huyo pembeni mwa ukurasa, kalamu begani, ndefu kupita plau. Sikumkata alama. Mtu aliyezaliwa katika mkoa wenye makao makuu Bariadi, na ambaye babu yake ametamka Baliadi maisha yake yote bila kupotea njia, anayo haki ya kuuliza r hiyo ina kazi gani.

Kisha kuna kasi. Kwa miaka kadhaa tumeambiwa kwamba mtoto anayemaliza darasa la pili asome maneno 50 kwa dakika, na aelewe alichosoma. Nina kijana mmoja ambaye mjomba wake ni dalali wa mnadani, na damu haifichiki. Nilishika saa, akasoma. Alipita nukta, akapita mkato, akapita na aya ya pili ambayo sikumwomba. Nilipomsimamisha, alikuwa anahema. "Haya, habari hii inahusu nini?" Akanitazama kwa huruma. "Inahusu dakika moja, Mwalimu."

Sarufi ndiyo iliyonifundisha uchumi wa eneo hili. Nilikuwa naeleza kwamba tunasema "ng'ombe huyu", si "ng'ombe hii", kwa sababu ana uhai. Hilo lilipita bila pingamizi. Kumwita ng'ombe kitu, kwa Msukuma, ni utovu wa adabu. Nikaendelea: ng'ombe wangu, umoja, ng'ombe wangu, wingi. Mkono ukanyooshwa.

"Mwalimu, mwenye ng'ombe mmoja na mwenye ng'ombe mia wote wanasema 'ng'ombe wangu'?"

"Ndiyo. Kitenzi ndicho kinachotofautisha. Ng'ombe wangu anakula, ng'ombe wangu wanakula."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la swali la siku nyingi. "Ndiyo maana mtendaji akija kwa habari ya michango, baba huwa haweki kitenzi."

Kwenye kinyume, msichana mmoja aliandika kwamba kinyume cha kaka ni dada. Sahihi. Nikafanya kiherehere cha kumwuliza kwa nini. Akasema dada akiolewa ng'ombe wanaingia, kaka akioa ng'ombe wanatoka. Katika miaka yangu yote ya kushika chaki sijakutana na mwanasarufi aliyeweza kueleza kinyume kwa uthabiti huo. Na kwenye wakati uliopita, mwenzake alitunga sentensi: "Ngulyati ilikuwa Shinyanga." Mgeni angedhani kijiji kimehama na mizigo. Lakini sentensi ni safi: mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012, ukamegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na wapo wazee hapa ambao hawajaridhia kubadili wakati.

Sasa ufahamu. Tulikuwa na kijitabu cha marudio kisicho na jina la mwandishi, na naamini alikuwa na sababu zake. Ndani yake kulikuwa na habari ya Juma. Juma alipeleka ng'ombe wa baba yake malishoni. Jua lilipokuwa kali alilala chini ya mti. Alipoamka, ng'ombe mmoja hakuwepo. Juma alilia sana, kisha akarudi nyumbani. Basi, habari imekwisha, maswali matano.

Swali la kwanza, Juma alikuwa anachunga nini, wote walipata. Swali la pili liliuliza kwa nini ng'ombe alipotea. Kijitabu kilitaka jibu kwamba Juma alilala. Darasa halikukubali. Ng'ombe hapotei kwa sababu mtu amelala, walisema; kila mchungaji husinzia. Huyu atakuwa amenunuliwa mnadani juzi, ameamua kurudi kwao. La hasha, akasema wa nyuma, ni wa mahari, hao ndio wenye tabia hiyo. Waligawanyika pande mbili, na upande wa mnada ulikuwa na mashahidi.

Swali la tatu: Juma alipogundua kwamba ng'ombe hayupo, alifanya nini?

"Alipiga mwano!" Darasa zima.

Mwano ni lile yowe linalowatoa wanaume wote majumbani na fimbo zao. Nikawaambia wasome tena: imeandikwa alilia. Kijana wa dalali akasimama kumtetea Juma. "Mwalimu, huo ndio mwano. Mwandishi alikuwa mbali, hakuusikia vizuri."

Swali la nne, baba yake Juma alisema nini, halikuwa na jibu popote katika habari. Nadhani mwandishi alilisahau. Hata hivyo kila mtoto alilijibu, kwa kirefu, na baadhi ya majibu siwezi kuyaandika hapa.

Nisiwalaumu. Mwaka 2012, huko New York, watoto wa darasa la nane walipewa katika mtihani wa jimbo habari ya nanasi lililoshindana mbio na sungura. Nanasi halikusogea, wanyama wakalila, kisha watoto wakaulizwa kwa nini wanyama walilila na ni mnyama yupi aliyekuwa na busara kuliko wote. Kelele zikawa nyingi hadi maswali hayo yakafutwa. Huko walishangaa nanasi kushindana mbio. Watoto wangu wangeuliza kwanza lilikuwa la nani.

Kesho yake baada ya kipindi kile cha Juma, tukiwa kwenye chai na michembe ya viazi vitamu, mzee mmoja alifika ofisini, kofia mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja kwa habari ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa Juma. Mjukuu wangu ametusomea jana usiku. Amepatikana?"

Nilimweleza kwamba hiyo ni hadithi ya kitabuni. Mzee alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza ng'ombe mwenyewe ana rangi gani. Nikasema kitabu hakikutaja. Hapo ndipo heshima ilipoanza kupungua. "Hakuna rangi, hakuna pembe, hakuna chapa. Na watoto wanaulizwa maswali!" Akanionyesha mtu anavyotakiwa kueleza. Yeye alipopotelewa wakati wa mavuno alisema hivi: dume jeusi, baka jeupe paja la kulia, pembe ya kushoto imekatika ncha. Mtu akisikia hivyo anajua anatafuta nini.

Alikuwa na hoja. Jioni ile niliiandika upya habari ya Juma ubaoni, safari hii ng'ombe akiwa dume jeusi, baka jeupe paja la kulia, pembe ya kushoto imekatika ncha. Juma naye nikampa mwano. Watoto waliinakili kwa utulivu ambao sijawahi kuuona, wakaenda na maswali nyumbani.

Majibu yaliporudi, nilipiga vyema mfululizo hadi mkono ukauma. Mpaka nikafika kwenye daftari la yule mjukuu, swali la tano, lile ambalo kila mtunga mtihani hulipenda: habari hii inatufundisha nini? Ameandika: "Inatufundisha kwamba dume la babu liko kwa akina Juma."

Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mzima, kalamu ikiwa imekandamizwa hadi ukurasa wa pili: "Juma ni wa kijiji gani?"