Muulize Fundi: Saa Inayokimbia Kuliko Gari

Safu ya ushauri wa magari imepokea barua tatu wiki hii, na zote zinahusu kitu kidogo kuliko kucha: kristali inayoipa kompyuta ya injini mapigo ya saa.

Ya kwanza ni ya "Mwenye Haraka" wa Kimara. Mark II yake ya miaka ya 1990, injini 1JZ yenye turbo, ilitengenezwa kwa soko la Japani, na kama magari mengi ya huko hukata nguvu ikifika kilomita 180 kwa saa. Fundi amemwambia dawa ni rahisi: ing'olewe kristali ya megahezi 8, ilehemiwe ya 8.8, kompyuta "ichangamke". Je, kuna madhara?

Mshauri alijiuliza kwanza mtu anaipatia wapi hiyo 180 kati ya vibao vya 50 vya Barabara ya Morogoro. Kisha akajibu: kizuizi kitasogea kweli, na ndiyo balaa yenyewe. Kompyuta haijui sekunde, inahesabu mapigo ya kristali tu. Mapigo yakizidi kwa asilimia 10, gari likiwa kwenye 198 yenyewe inasoma 180. Injini ikizunguka mara 7,150 kwa dakika, inasoma 6,500. Ni kama muadhini ambaye saa yake inakimbia mwezi wa Ramadhani. Jua halizami mapema. Mtaa mzima ndio unafuturu mchana.

Halafu kuna petroli. Nozeli iliyopangiwa kufunguka milisekunde 4 itajifunga baada ya 3.64. Ukienda taratibu, sensa ya oksijeni hugundua upungufu na kompyuta huongeza mafuta. Ukikanyaga hadi chini, kompyuta haiisikilizi tena sensa, inafuata jedwali lake. Turbo inasukuma hewa, petroli haitoshi, injini inagonga, pistoni inatoboka. Na koili, iliyonyimwa muda wa kujaa, inatoa cheche dhaifu wakati huohuo.

"Mama Watoto" wa Mombasa ana kesi mpya zaidi. Gari lake lina kompyuta kadhaa zinazozungumza kwa jozi moja ya nyaya za pamoja, mara nyingi kwa biti 500,000 kwa sekunde. Shemeji alibadilisha kristali Jumamosi. Jumapili gari halikuwaka, mishale ya dashibodi imelala, na mashine ya kupimia inatoa msimbo U0100. Maana yake kompyuta ya injini haisikiki kwa wenzake. Mazungumzo hayo hayavumilii saa kupotoka hata kwa asilimia 2, sembuse 10. Mshauri anasema irudishwe kristali ya namba ileile ya zamani, na shemeji apewe kazi ya kuosha gari.

Msomaji wa Kisumu anataka kristali ya polepole ili abane mafuta. Hapana: nozeli zitakaa wazi muda mrefu zaidi.

Mwishoni kabisa imeingia karatasi yenye alama za grisi kutoka kwa fundi wa Gerezani, anayetaka kujua atoze kiasi gani kwa kazi hii. Mshauri amemwambia aanze kwa kuulizia bei ya pistoni sita za 1JZ.