Namna ya Kupiga Picha za Maonyesho ya Tokyo Bila Kutoka Al Khoudh

Kila Januari ukumbi wa Makuhari Messe, mkoani Chiba, hujaa magari yaliyoshushwa, yaliyotanuliwa na kupakwa rangi ambazo hata kasuku angeziona zimezidi. Ndiyo Tokyo Auto Salon. Ilianza mwaka 1983 kwa jina la Tokyo Exciting Car Show, na mwaka 2020 iliingiza watu zaidi ya 300,000 kwa siku tatu. Mpigapicha anayekwenda kweli hupigwa viwiko kutwa nzima, hula wima, na usiku hotelini hugundua kwamba kila taa aliyoipiga imezibwa na kisogo cha mtu.

Wewe, yakhe, una kamera, una Patrol ya mjomba, na jirani ana Land Cruiser. Tulia hapo hapo Al Khoudh, Oman. Fuata haya.

1. Vua dishdasha. Gari jeusi ni kioo. Ukisimama mbele ya mlango uliong'arishwa ukiwa umevaa nyeupe, utatokea mzima mzima, na kofia yako na kamera usoni. Vaa fulana nyeusi, suruali nyeusi. Mwenye gari naye atataka kusimama karibu akiwa amepiga kilemba cha sikukuu. Mwambie aingie ndani, atoe kiwiko dirishani. Atakubali haraka. Hiyo ndiyo picha atakayoiweka WhatsApp, na hizo nyingine hatazifungua.

2. Ficha usukani. Hapa ndipo waongo wengi hufia. Japani usukani uko kulia, Oman uko kushoto, na mtoto wa skuli anajua. Usijaribu kuigeuza picha kwenye kompyuta: namba ya gari itasomeka kinyumenyume, Kiarabu na Kizungu kwa pamoja. Wenzako hununua filta ya kukata mng'aro ili kioo cha mbele kionyeshe ndani. Wewe ivue. Liweke gari lielekee machweo, anga yote ilale juu ya kioo, na usukani utakuwa popote mtazamaji atakapopenda uwe.

Ukitaka picha za ndani, usihangaike Oman. Mpigie binamu yako Unguja. Kule gari linashushwa bandarini likiwa na usukani kulia, stika ya ukaguzi ya Kijapani bado kiooni, bibi wa ramani akizungumza Kijapani kila funguo ikizungushwa, na redio inayoanzia 76 na kukomea 90, haishiki nusu ya stesheni za mjini. Ushahidi gani mkubwa kuliko huo? Mwambie apige picha za dashibodi kwa simu, na afunge madirisha mnazi usionekane.

3. Tengeneza umati. Usialike mtu. Ijumaa baada ya Isha, panga magari matatu mazuri mbele ya kibanda cha chai ya karaki, pale vijana wanapopiga honi waletewe vikombe garini. Fungua boneti moja. Si lazima kuwe na kitu cha ajabu ndani. Boneti iliyo wazi huita wanaume popote duniani. Wakishajaa, piga vitu vidogo vidogo: jicho la taa, mshono wa kiti, nati za rimu. Nati haina uraia. Na usione haya, kwani wale walioko Chiba hufanya vivyo hivyo umati unapowashinda, kisha huita mtindo wao.

4. Pata mwendo kasi bila mwendo. Kutoa kichwa dirishani kwenye Barabara ya Sultan Qaboos ni kutafuta polisi au kaburi. Chukua fimbo ndefu, ibane kwenye boneti kwa vikombe vya kunyonya, funga kamera nchani. Zima injini isitikise. Sasa waite vijana wanne wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, ambacho kiko hapa jirani tangu 1986 na hakijawahi kupungukiwa vijana wenye njaa. Walisukume gari polepole, wameinama wasionekane, huku shata ikibaki wazi sekunde mbili. Lami itachirizika, rimu zitazunguka, na mtu ataapa kwamba ulikuwa kwenye 180. Fimbo uifute kwenye kompyuta. Vijana uwalipe shawarma.

5. Lowesha sakafu. Wapenzi wa magari Japani hukutana usiku Daikoku, Yokohama, egesho lililozungukwa na barabara za juu. Wewe una egesho la chini la duka kubwa. Mwone mlinzi kwanza, kwa salamu na kikombe cha karaki, halafu mwaga ndoo mbili za maji mbele ya bampa. Taa zote za dari zitashuka sakafuni, na hapo huhitaji Yokohama.

6. Namba. Kwenye maonyesho namba hufunikwa kwa kibao cha fundi au duka. Mshauri mwenye gari afanye hivyo. Atakataa. Ni ya tarakimu tatu, na bila namba hiyo kwake hakuna picha. Usibishane, shusha kamera, piga gari kutoka nyuma ya gurudumu la mbele, na uzungushe usukani ili rimu ikutazame wewe, si mpira.

7. Ukiulizwa. Watauliza. "Ulikwenda lini?" Januari, na baridi ilikuwa kali. "Ulikula nini?" Samaki. Si uongo, ulikula. Mzee mmoja atazidi kuchimba: hoteli gani, ndege gani, viza ulipewa wapi. Mgeukie kwa adabu: "Ami, hebu niambie, ile namba yako ya tarakimu tatu uliipataje?"

Tafuta pa kukaa.