Maandishi ya Pindoni

Mama mkwe hakukifungua kitenge. Alikinusa kwanza.

Alikuwa ameingia Dar es Salaam alfajiri hiyohiyo, na dumu la mawese, mfuko wa dagaa, na macho ya mtu aliyekulia Kigoma, ambako vitenge vilikuwa vinavushwa ziwani kutoka Kongo tangu yeye hajavunja ungo. Nilikuwa nimemnunulia yadi 6 Kariakoo kwa shilingi 18,000. Kijana aliyeniuzia aliapa kwa mama yake mzazi kwamba ile ni wax yenyewe ya Uholanzi, ila kaniteremshia bei kwa sababu nina sura ya mtu wa watu. Niliyaamini yote mawili.

Baada ya kunusa akakigeuza, akakirudisha, kisha akapitisha kidole pindoni, pale penye maandishi. Mama hajui Kifaransa hata cha salamu. Lakini maneno yale ameyaona miaka yote, anayajua kama unavyojua sura ya jirani usiyemjua jina.

"Hapa pamepungua herufi," akasema.

Nikainama. Kweli, "Hollandais" ilikuwa imeangusha "l" moja njiani.

"Ahsante, baba," akaniambia, kwa ile sauti tunayomshukuru nayo mtu aliyetukanyaga kwenye daladala halafu akaomba radhi.

Kilichofuata ni darasa. Wax ya kweli haina mbele wala nyuma. Rangi imekolea pande zote mbili, na fundi akikosea upande hakuna atakayejua. Yangu kwa nyuma ilikuwa imepauka kama uso wa mtu aliyeamshwa usiku. Wax ya kweli ina michirizi myembamba iliyojiendea ovyo kwenye ua. Yangu nayo ilikuwa na michirizi, ila ilijirudia palepale kila baada ya hatua moja, kama mtu anayesimulia ajali kwa maneno aliyokariri.

Nilijitetea kama wanaume tunavyojitetea tukishindwa: kwa historia. Nikamweleza kwamba kampuni ya Vlisco, hiyo anayoiheshimu, ilianzishwa mwaka 1846 kwenye mji wa Helmond huko Uholanzi, na hizi wax zake zilianza kwa kuiga. Watu wa Java, enzi hizo wakitawaliwa na Waholanzi, walikuwa wanachora batiki kwa nta ya moto, kwa mkono, nguo moja ikila wiki na wiki. Waholanzi wakaleta mashine wafanye vilevile kwa bei chee. Badala ya nta wakatumia utomvu, na utomvu ukikauka hupasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa, vitambaa vikatoka na michirizi ambayo hakuna aliyeipanga. Java wakaiona kasoro. Afrika Magharibi wakaipokea kwa mikono miwili, maana kwa michirizi ile hakuna yadi mbili zinazofanana.

"Kwa hiyo, Mama," nikahitimisha, nikijiona wakili, "hiyo orijino ni feki ya Java. Yangu ni feki ya feki. Zimepishana kidogo tu."

"Basi ungeniletea ya Java," akasema, akarudi kuchambua dagaa.

Na hao dagaa nao! Mke wangu alimpelekea jirani bakuli, jirani akarudisha bakuli na malalamiko: hawa si wa Kigoma, wa Kigoma anawajua, anawanunua sokoni kila wiki. Tukamuuliza hawa wana kasoro gani. Hawana mchanga, akasema. Maskini, miaka yote amekuwa akiuziwa dagaa wa Mwanza walioanikwa chini, kwa jina na bei ya Kigoma, mpaka mchanga umekuwa ndiyo alama ya ubora. Mama alipoambiwa alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge changu. Usoni pakabaki alama ya bluu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Sikushtuka. Jumamosi kitenge kikafuliwa beseni moja na shati langu jeupe la vikao, na Jumatatu nikaingia kikaoni nimevaa anga la Desemba. Mkuu wa idara akaniuliza nimelinunua wapi, limemvutia. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Mwisho wa mwezi nikakubali yaishe. Harusi ya binamu wa mke wangu ilikuwa imekaribia, na ukumbi mzima ungejaa wanawake wa Kigoma wenye vidole vya kusoma pindo. Nikaenda na mke wangu dukani kwa mama mmoja ambaye haapi wala habembelezi. Anakutajia bei, kisha anaangalia pembeni mpaka upone. Shilingi 250,000. Mama mkwe alipokipokea hakunusa. Alikipakata.

Kikaenda kwa fundi wetu wa chini ya mwembe, gauni la mikono ya puto na lemba lake. Siku tatu baadaye Mama akalivaa, akajitazama kwenye kioo mbele, nyuma, ubavuni. Kisha akainua upindo, akaupekua wote, akaja sebuleni polepole.

"Baba Tumaini, maandishi yako wapi?"

Fundi alikuwa ameyakata. Kwa fundi, yale ni uchafu wa kingoni, yanaharibu mshono. Nikamwambia Mama kitambaa ni kilekile, rangi mbele na nyuma, michirizi ovyo kama alivyonifundisha. Akanitazama kwa huruma.

"Sasa nifike harusini, kila mtu nimgeuzie gauni?"

Nikakimbia kwa fundi. Hakubabaika. Akachomoa chini ya cherehani kopo la maziwa ya unga, akalifungua: limejaa tepe za pindo, zimekunjwa vizuri kama noti.

"Hizi zina soko, bosi. Watu wananiletea vitenge vyao vya bei poa, nawawekea maandishi. Elfu tano."

"Yaani nanunua pindo langu mwenyewe?"

"Kazi ya kushona bure."

Nikamuuliza langu ni lipi. Akalipekua kopo kwa uaminifu mkubwa, akakuna kichwa, akatoa moja la kijani. Gauni la Mama lilikuwa la bluu na njano. "Zote orijino," akanihakikishia, na sikuwa na hoja. Akalishonea chini kabisa, maandishi yakitazama nje, kama namba ya gari.

Harusini, kabla hata ya keki, wanawake watatu walishainama kwa kisingizio cha kuokota kitu. Wa tatu akasoma kwa kidole, herufi kwa herufi, "l" zote mbili zipo. "Hii ndiyo yenyewe," akatangaza. Mama akanionyesha kwa kidevu, meza ya pili: mkwe wangu huyo. Nikaongezewa pilau bila kuomba.

Jumatatu nikipita chini ya mwembe, fundi akanipigia mluzi.

"Bosi, kile kilichochuja bado unacho? Kilete basi. Cha pili nakufanyia elfu tatu."