Fadhila za Kompyuta Mbovu

Kompyuta mpya zimekwisha kusifiwa kwa wepesi na wembamba wake, wala hazijapungukiwa na mashabiki. Lakini kompyuta kongwe, iliyogeuka rangi ikawa manjano, inukayo vumbi na isiyowaka ila kwa kubembelezwa, haijapata wakili, na kwa kuwa insafu hainiruhusu kunyamaza, nimesimama kuitetea Amiga 500, mashine iliyotolewa na kampuni ya Commodore mwaka 1987 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 512, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo hukipita bila ya haya.

Kwanza, haina unafiki. Ikikosa diski, kiendeshi chake hugonga tak, tak, tak, hata usiku kucha ukiiacha, kikidai kulishwa. Na ikipatwa na maradhi haikuzungushi kwa maneno laini, bali huchora juu ya kioo mstatili mwekundu unaowaka na kuzima, ikakutangazia kwamba Guru yumo katika taamuli, pamoja na tarakimu ambazo aghalabu huzifahamu. Mtu aliyepotezewa kazi ya jioni nzima kwa tangazo hilo hana budi kukiri kwamba amedhulumiwa kwa taadhima.

Ama betri, sijui niisifu vipi. Amiga 500 Plus ya mwaka 1991, na Amiga 2000 kabla yake, zilipachikwa juu ya ubao mkuu betri ndogo ya nikeli na kadimi, ili saa iendelee kwenda mashine inapozimwa. Betri hiyo, baada ya miaka mingi ya utumishi mwema, huanza kuvuja alkali kali, nayo hutambaa taratibu juu ya njia za shaba na kuzila moja baada ya moja. Ni saa gani nyingine duniani iliyojitahidi namna hii kumkumbusha mwenyewe kwamba wakati unapita?

Na tazama matunda ya uharibifu huo. Mwenye ubao ulioliwa huuosha kwa siki ili asidi yake iizimue ile alkali, kisha hugundua kwamba chipu moja haiponi tena, wala haiuzwi ikiwa mpya, maana Commodore ilifilisika mwezi wa Aprili 1994. Mtu huyo, ambaye pengine ameishi miaka bila ya kumwamkia jirani, hana hila ila kwenda kwa watu. Hapo ndipo hujitokeza sahibu asiyemjua, wa Ujerumani au Uingereza, mwenye Amiga kadhaa zilizokufa darini. Agnus, Denise na Paula, kwani hayo ndiyo majina ya chipu zake kubwa, kana kwamba ni mabinti wa nyumba moja, hazikulehemiwa katika mashine ile bali zilikalishwa katika soketi, na kwa hiyo Denise, mchora picha, hung'olewa katika maiti, hufungwa katika karatasi ya fedha, hutiwa bahashani na kupelekwa ng'ambo. Malipo ni gharama ya posta, na mara nyingine hata hiyo husamehewa. Mpokeaji naye, akiwa muungwana, hukaa na deni la kitufe cha kibodi au diski chache kwa ajili ya mwingine atakayefikwa. Kompyuta mpya, ambayo kumbukumbu yake imelehemiwa pasipo njia ya kutoka, hufa bila ya kurithiwa.

Wapo wawadhihakio mashabiki hawa kwa kupaka majumba ya mashine zao krimu ya kupaushia nywele, yenye haidrojeni peroksaidi, na kuyaanika juani ili yarudie weupe wake. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba umanjano hurudi baada ya muda. Lakini wangapi kati ya wacheka hao hawajapata kwenda kwa msusi kwa haja iyo hiyo?

Basi, ewe msomaji, ikiwa umeweka ghalani Amiga ya namna hii, nakuomba, licha ya sifa zote nilizoimiminia betri, uikate leo kwa koleo kabla hujalala, kisha mashine umpe mtu ajuaye kulehemu.