Tumbo Lililotangazwa kwa Spika

Malaria ni ugonjwa wa heshima. Anayeugua malaria huitangaza mwenyewe, akakunja uso kidogo, na wasikilizaji wakaanza kumsimulia malaria zao. Presha nayo ina hadhi yake, maana huonyesha mtu ana majukumu. Kuhara ndiko kusikokuwa na mwenyewe. Sijamwona mtu akisimama ibadani kutoa ushuhuda kwamba juzi alikuwa anaharisha na leo anaendelea vizuri.

Na kama kuhara kuna mahali pabaya kuliko pote, basi ni kwenye safari ya huduma, kijijini, mama mkwe akiwa katika msafara.

Tulikwenda familia nzima: mimi, mke wangu, watoto, shemeji na mama mkwe, tukiandamana na kwaya na wauguzi wachache wa kujitolea. Kijiji kilikuwa cha wavuvi, ufukweni mwa ziwa, upande wa Kayenzi, Mwanza. Ratiba ilikuwa elimu ya afya asubuhi, injili jioni. Mimi nilikabidhiwa meza ya usafi: kunawa mikono kwa sabuni, kuchemsha maji ya ziwa kabla ya kunywa, na namna ya kumchanganyia mtu anayeharisha maji ya chumvi na sukari. Nilipewa jagi la lita moja na bango lenye picha ya mtu anayekimbilia chooni. Watoto wa pale walikuja kusema baadaye kwamba tunafanana.

Usiku ulipokuwa umekolea, tumbo likaanza kuongea.

Mawe ya Mwanza mnayajua. Choo cha nyumba tuliyofikia kilikuwa nyuma ya jabali, na njia ya kufika huko ilikuwa moja tu, nayo ilipita mbele ya jiko ambamo mama mkwe na akina mama wa kwaya walikuwa wakiandaa maandazi ya asubuhi. Mimi ni Msukuma. Kwetu mkwe hapitwi hivihivi kama nguzo ya umeme. Kwa hiyo nilisimama, nikainama, nikaamkia: "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Nikaenda. Niliporudi, nikainama tena. Haukupita muda nikatokea upya, naye akaitikia, safari hii akinitazama vizuri zaidi. Kutokea tena baada ya hapo, nilikuwa ndiyo kwanza nakunja mgongo aliponiwahi: "Baba, salamu za leo zimetosha. Wewe pita tu."

Akina mama wote wakageukia moshi, wakaanza kukohoa kwa pamoja.

Kulipokucha nilikuwa na madaktari wengi kuliko nilivyohitaji. Shemeji, ambaye ni fundi simu, alitamka kwamba ni kichocho, kwa kuwa jana yake alikuwa ameniona nikiingia majini kusukuma mtumbwi. Hakuwa anabuni. Kichocho cha tumbo kipo kweli katika ziwa hili. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu, na ndiyo maana watoto wa shule za mwambao hugawiwa praziquantel. Lakini nesi wa zahanati alimweleza kwamba minyoo hiyo huchukua wiki kadhaa kukomaa na kutaga mayai, na ugonjwa wangu ulikuwa bado haujafikisha hata siku. Shemeji akajiuzulu udaktari.

Mke wangu alitegemea malaria. Kusema kweli hata mimi niliitegemea, tena kwa hamu. Nesi akanitoboa kidole, akadondosha tone kwenye kipimo, tukasubiri. Mstari mmoja. Hakuna malaria. Sijapata kuona familia ikisikitika hivyo kwa habari njema.

Timu ya maombezi, ambayo tangu tufike ilikuwa haijapata kazi ya maana, ilisema hii ni vita ya kiroho, ikanizunguka. Nesi aliisubiri imalize, kisha akanipa pakiti ya ORS: uichanganye yote na lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, unywe kidogokidogo.

Jagi pekee la lita moja kijijini pale lilikuwa la meza yangu. Na meza ilikuwa haina mwalimu.

Shemeji akaichukua. Darasa zima akalihamishia chini ya mwembe nilikolazwa juu ya mkeka. "Tuliyekuwa tunamwona kwenye bango, leo tunaye," akaanza. "Tazameni midomo ilivyokauka. Ukikosa pakiti, chukua vijiko vya chai sita vya sukari, visawazishe, na nusu kijiko cha chumvi, kwa lita moja ya maji safi. Chumvi isizidi! Kunywa, shemeji." Nikanywa. Mama mmoja akauliza ninakwenda mara ngapi. Shemeji akajibu kwa niaba yangu, akiwa ameongeza. Bibi mmoja wa mbele akataka kujua: huyu si ndiye jana alikuwa anatufundisha kunawa? Na nilikuwa nimenawa, jamani, kwa sabuni! Siku yangu walikuja watoto na mbuzi. Ya shemeji ilijaza kivuli chote.

Mzee mmoja alikuja na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na neno la faraja. Akanikumbusha kwamba Kageye haiko mbali na pale. Daktari John Smith, aliyekuja na kundi la kwanza la wamisionari wa Church Missionary Society waliokuwa wakielekea Buganda, alifia huko mwaka 1877. Mwenzake Alexander Mackay aliugua njiani mwaka 1876 akarudishwa pwani. Akapona, akafika Buganda mwaka 1878, na hatimaye homa ikammaliza Usambiro, kusini mwa ziwa hilihili, mwaka 1890. "Kwa hiyo usijali," akamalizia, "ni kawaida." Nikaomba jagi.

Jioni mchungaji, kwa upendo tu, akaniombea kwenye mkutano kwa jina langu kamili na jina la ugonjwa, kwa spika mbili na jenereta. Ilikuwa siku za giza, wavuvi wa dagaa wamo ziwani na taa zao, na sauti juu ya maji haina kizuizi. Asubuhi nilipojikongoja hadi mwaloni, wanaume nisiowajua walikuwa wakinisalimia toka mitumbwini: "Tumbo linaendeleaje?" Mmoja akanipa sato mkubwa, akakataa hela, akaagiza apikwe mchuzi bila pilipili.

Taarifa iliyosomwa kanisani tuliporudi mjini ilitaja waliookoka, waliopimwa presha, na "mgonjwa mmoja kutoka miongoni mwa wahudumu." Jina hawakulisoma, ila mabenchi yote yaligeuka.

Nawe unayejiandaa kwenda huduma na wakwe zako: chemsha maji, beba sabuni na pakiti za ORS. Na ukifika, kabla hujatua begi, uliza choo kiko wapi, kisha uliza jiko liko wapi.