Jitu la Najma

Kosa la kwanza nililifanya kwa mama. Aliniuliza kwa simu kutoka Tanga, mimi nikiwa kazini Doha, muhula huu nafundisha nini, nami badala ya kusema "vitabu" nikajitia usomi: "Riwaya za kipindi cha ulimbwende, mama." Sisi watu wa fasihi ndivyo tunavyokiita kipindi kile cha Uingereza, mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Kwa mama, mlimbwende ni binti anayepita jukwaani na utepe begani. Akanyamaza kidogo, kisha: "Na hao Waarabu wamekuruhusu?"

Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili nao walijiandikisha wakidhani ni mapenzi mwanzo mwisho. Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813) haikuwaangusha. Mama anawasakia waume mabinti zake watano, yupo bwana wa pauni 10,000 kwa mwaka, yupo na shangazi mwenye kiburi. Nusu ya darasa walidai wanamjua huyo shangazi. Mmoja akataja na mtaa anaokaa.

Balaa lilianza tulipofika Frankenstein ya Mary Shelley.

Ilikuwa 2020, mwaka wa korona. Nafundisha mtandaoni kutoka chumbani kwangu, mtaa wa Najma hapo Doha, na kiyoyozi cha mwenye nyumba kimekata roho. Bahati nzuri mtaani petu kuna Soko la Haraj, ambako huishia kila kitu kilichowahi kumchosha mtu wa Doha: makochi, friji, vitanda vya watoto ambao sasa wana watoto wao. Fundi mmoja akaniuzia kiyoyozi cha dirishani kwa riyali 300. Gamba lilikuwa la kampuni moja, kompresa ya nyingine, na swichi ya kuzungusha ilitoka kwenye jiko la gesi; bado ilikuwa na picha ya mwali wa moto. "Kikisumbua, lete," aliniambia, mkono kifuani.

Jioni hiyo nawaeleza wanafunzi jinsi mlima Tambora wa Indonesia ulivyolipuka Aprili 1815, majivu yakaziba jua, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Mary, binti wa miaka 18, amekwama ndani kwa mvua kando ya ziwa la Geneva pamoja na washairi Percy Shelley na Byron, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Yake ikatoka 1818 bila jina la mwandishi. Kila nikitamka "baridi", tone la jasho linaanguka kwenye kibodi. Nikashindwa. Nikazungusha swichi hadi kwenye mwali.

Kikakohoa. Kikaguna kama ngamia aliyeamshwa kabla ya saa yake, kioo cha dirisha kikatetemeka, halafu kikavuta pumzi moja ndefu. Na sisi tulikuwa ukurasa uleule ambapo kiumbe anafumbua jicho.

"Daktari," sauti ikatoka kwenye spika, "uko salama?"

Kitabuni kiumbe yule hana jina. Watu ndio wanaombandika la aliyemuumba. Cha kwangu darasa lilikiita Najma, na likawa linakisalimia kabla yangu.

Wiki ya pili kikaanza kudondosha maji. Nikakibeba mpaka Haraj, mgongo ukaniuma siku nne. Fundi akakizunguka, akagusa ile swichi ya jiko, akatikisa kichwa: hajawahi kukiona maishani mwake.

Kipindi kilichofuata niliingia na hasira zangu na mada ikanikubali. Nikahubiri. Dhambi ya Victor Frankenstein, muumba wa kiumbe yule, nikasema, si kuunda, ni kukimbia. Ametengeneza kitu kwa mikono yake, kinamtazama, yeye anatoka mbio na kujifanya hakijui! Nilikuwa bado nimeinua kidole mlango ulipogongwa.

Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, kashika kanzu nyeupe ya Ijumaa, mbichi, yenye mstari wa kutu kutoka kola hadi pindo. Akanyooshea kidole dirisha langu, akauliza kwa Kiarabu cha mtaani: mashine ile ya nani?

"Ya mwenye nyumba," nikamjibu. "Mimi nimeikuta hapa hapa."

Akashuka akimtafuta mwenye nyumba. Nikarudi mezani. Maikrofoni ilikuwa wazi muda wote, na kwenye chati kulikuwa na ujumbe mmoja tu: "Daktari, hapo ni ukurasa wa ngapi?"